Intaneti ya minara wilayani: Ramani kwanza, vifaa baadaye

Na Mwandishi Wetu

WAKULIMA wa korosho wa mikoa ya Mtwara na Lindi wanaujua mnada tangu zamani. Kilichobadilika katika msimu wa 2024/25 ni namna mnada wenyewe ulivyoendeshwa. Wanunuzi waliachana na sanduku la zabuni za karatasi wakawa wanaweka bei zao kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), na katika minada ya mwanzo bei ilivuka Sh4,000 kwa kilo.

Mabadiliko hayo yamekiongezea chama cha msingi hitaji jipya. AMCOS ambayo zamani ilitosheka na mizani, daftari na ghala, leo inahitaji pia intaneti ya uhakika. Kuandikisha wakulima, kufuatilia pembejeo, kupeleka benki orodha za malipo na kufuatilia mnada ni kazi zinazozidi kupita huko. Siku mtandao unapokatika, karani anabaki akizunguka uwanjani na simu yake akitafuta kona yenye mawimbi, huku mamia ya wanachama wakisubiri.

Kampuni kubwa za simu zina minara katika miji mingi ya wilaya, lakini huduma yao huko huuzwa zaidi kwa bando. Ofisi yenye kompyuta nne, shule ya sekondari, zahanati, nyumba ya wageni au duka la pembejeo huhitaji huduma ya malipo ya mwezi ambayo haiishi katikati ya kazi. Hapo ndipo penye nafasi ya mtoa huduma mdogo: mjasiriamali anayechukua intaneti kwenye mkongo mjini na kuisambaza kwa redio hadi kwenye paa za wateja, mjini na vijijini.

Nafasi hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, biashara ya namna hii hufaulu au hufa kutokana na mpangilio wa mtandao uliochorwa kabla ya kununuliwa kifaa cha kwanza. Makala haya yanaangalia mpangilio huo hatua kwa hatua, kwa mfano wa mjasiriamali anayetaka kuanzia Newala, juu ya Uwanda wa Makonde.

Mtandao uliojiotea

Kosa linalorudiwa sana ni hili. Mtu ananunua redio chache za Ubiquiti au MikroTik, anafunga moja juu ya paa la duka lake na kupata wateja kumi wa jirani. Habari zinaenea. Mteja wa kumi na moja yuko nyuma ya kilima, hivyo redio ya kurudia mawimbi inawekwa kwenye paa la mteja wa tano. Wa ishirini yuko mbali zaidi, na redio nyingine ya kurudia inawekwa kwa yule wa kumi na moja.

Baada ya mwaka mmoja kuna mtandao ambao hakuna aliyeupanga. Umejiotea kama magugu. Mteja wa tano akihama nyumba au akichomoa waya ili achomeke pasi, nusu ya wateja wanazimika. Mwenye mtandao anashinda juu ya ngazi, na mkopo wa SACCOS unaendelea kudai.

Ni vema ikaeleweka kuwa vifaa hapo havina kosa. Redio hizo hizo zikiwekwa mahali panapostahili zinaweza kufanya kazi kwa miaka. Kilichokosekana ni karatasi moja yenye majibu ya maswali matano: intaneti inatoka wapi, minara inakaa wapi, inaunganishwaje, kila antena inabeba wateja wangapi, na ndani ya mtandao kila kijiji kinatenganishwaje na kingine.

Chanzo kisiwe kimoja

Swali la kwanza ni la chanzo. Kabla ya mwaka 2009 Tanzania ilitegemea satelaiti kwa mawasiliano yake ya nje, kwa gharama kubwa. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Serikali nayo ilijenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaoendeshwa na TTCL, kufikisha uwezo huo mikoani. Kwa mtoa huduma mdogo, kazi ya kwanza ni kujua mahali halisi ambapo anaweza kuunganishwa na mkongo, si mahali ambapo waya unapita tu barabarani. Mkongo unaopita mbele ya duka lako bila kituo cha kushukia hauna tofauti na bomba kuu la maji lisilo na koki.

Pale kituo kilipo ndipo penye moyo wa mtandao wako. Mnara wa kwanza ukiwa mbali na kituo hicho, utalipia kiungo cha ziada kila mwezi au utabeba mzigo wote kwa redio kabla hujamfikia mteja hata mmoja.

Aidha, tukio la Mei 12, 2024 lisisahaulike. Siku hiyo mikongo ya EASSy na SEACOM iliharibika kwa pamoja baharini upande wa kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi nyingine za ukanda huu. Waliokuwa na njia ya pili inayopita kwingine walipunguza maumivu. Mtoa huduma wa wilaya hana uwezo wa kununua njia mbili kubwa, lakini anaweza kufanya mambo mawili. La kwanza ni kumuuliza anayemuuzia kwa jumla, kabla ya kusaini, trafiki yake inatoka nchini kwa mikongo ipi. La pili ni kuwa na njia ndogo ya akiba kutoka kwa kampuni nyingine, hata kama inatosha ofisi na vyama vya msingi tu na si wateja wote.

Vilevile, sehemu ya trafiki ya wateja haina sababu ya kusafiri hadi ng'ambo. Watoa huduma wa Tanzania hubadilishana trafiki ya ndani kwenye kituo cha TIX jijini Dar es Salaam. Muuzaji wa jumla aliyeunganishwa vizuri huko atakupa huduma nyepesi zaidi kwa tovuti zinazohifadhiwa nchini.

Minara lazima ionane

Swali la pili ni mahali pa minara. Redio za gigahezi 5, ambazo ndizo zinazotumiwa sana na watoa huduma wadogo, hazipiti kwenye kilima wala kwenye msitu. Antena mbili lazima zionane. Zikionana kutoka juu, umbali si tatizo kubwa: mwaka 2007 mtaalamu wa Venezuela, Ermanno Pietrosemoli, aliunganisha milima miwili iliyo kilomita 382 mbali kwa redio za WiFi zilizorekebishwa. Zisipoonana, kilomita moja ni mbali.

Lakini kuonana kwa macho hakutoshi. Mawimbi hayasafiri kama uzi. Yanahitaji nafasi iliyo wazi kuzunguka mstari wa kati ya antena, nafasi inayoitwa ukanda wa Fresnel, kwa jina la mwanasayansi wa Ufaransa. Umbo lake ni kama muhogo: mwembamba kwenye ncha zote mbili, mnene katikati. Kwa kiungo cha kilomita 10 katika gigahezi 5.8, unene huo katikati ni kama mita 11.4 kutoka kwenye mstari kwenda chini. Kanuni ya mafundi ni kuacha wazi angalau asilimia 60 yake, yaani karibu mita 6.8.

Hapo ndipo korosho inapoingia tena kwenye habari hii. Uwanda wa Makonde una sehemu kubwa iliyo tambarare kwa juu, na mikorosho imeenea kila upande. Mkorosho uliokomaa unaweza kufika mita 12, na majani yake hayapukutiki kwa pamoja kama ya baadhi ya miti. Uko kijani mwaka mzima. Majani yaliyolowa mvua hunyonya mawimbi kuliko makavu, kwa hiyo kiungo kilichopimwa Septemba kinaweza kukushangaza Januari.

Tufanye hesabu. Kijiji kiko kilomita 10 kutoka mjini, ardhi ni tambarare. Weka mita 12 za mti, mita 6.8 za ukanda wa Fresnel, na mita 1.5 za mviringo wa dunia, ambao kwa umbali huo umeanza kuhesabika. Jumla ni mita 20.3. Ongeza mita tatu au nne kwa miti inayokua. Antena zote mbili zinapaswa kuwa mita 24 hivi kutoka ardhini. Anayenunua mlingoti wa mita 15 kwa kuwa ndio uliokuwa dukani ameshapoteza fedha kabla ya kuusimamisha.

Kwenye ukingo wa uwanda mambo hubadilika. Anayesimama mahali panapoitwa Shimo la Mungu, Newala, anaona bonde la Ruvuma likiwa wazi chini yake. Mnara mfupi ukingoni unaweza kuona mbali kuliko mnara mrefu katikati ya mashamba. Upande wa Masasi nako, vilima vya mawe vinavyouzunguka mji ni minara iliyojengwa na Mungu, mradi kuna njia ya kupanda na ruhusa ya wanaohusika.

Kwa hiyo kabla ya kununua, kaa na ramani. Programu za kuchora umbo la ardhi kati ya nukta mbili zinapatikana bure kwenye intaneti. Baada ya hapo nenda mwenyewe, panda tenki la maji, kengele ya kanisa au mnara wa msikiti kwa ruhusa ya wenyewe, na uangalie kwa macho. Ramani inaonyesha vilima, haionyeshi miembe.

Mnyororo au pete

Swali la tatu ni namna minara inavyounganishwa. Kuna njia kuu kati ya mnara na mnara, na kuna antena zinazohudumia wateja. Kanuni ya kwanza ni kutozichanganya. Redio moja inayopokea kutoka mnara wa nyuma na wakati huohuo kuwagawia wateja haiwezi kusema na kusikiliza kwa pamoja, hivyo uwezo wake hukatika karibu nusu kila hatua. Ukianza na megabiti 80 kwa sekunde, mnara wa pili unapata 40 na wa tatu 20. Mteja wa kijiji cha tatu analipa sawa na wa mjini lakini anapata robo.

Dawa ni kuwa na jozi ya redio kwa kila kiungo cha kati ya minara, zenye antena nyembamba zinazotazamana wao kwa wao tu, katika masafa tofauti na yale ya wateja. Inagharimu zaidi mwanzoni. Lakini ndiyo inayowezesha mnara wa tatu kuuza huduma ileile ya mnara wa kwanza.

Kanuni ya pili ni kuuogopa mnyororo. Minara mitano iliyopangwa mmoja nyuma ya mwingine ina maana kwamba betri ya mnara wa pili ikifa, mitatu ya mbele inazimika nayo. Mpangilio bora kwa anayeanza ni wa nyota: mnara mmoja mkuu ulio juu, na minara midogo ikiuangalia moja kwa moja. Mtandao ukikua, unganisha minara miwili ya pembeni ili nyota iwe na pete ndani yake. Kiungo kimoja kikikatika, trafiki inazunguka upande wa pili. Kiungo hicho cha kufunga pete hakiongezi mteja hata mmoja siku ya kwanza, na ndiyo maana wengi hukiahirisha. Faida yake huonekana siku ya radi.

Wateja wangapi kwa antena moja

Swali la nne ndilo linaloamua kama mkopo utalipika. Wauzaji wa vifaa hupenda kutaja namba kubwa za kwenye boksi. Mjasiriamali aangalie muda wa hewani, si namba hizo.

Redio moja ya wateja hugawa zamu. Mteja aliye karibu, anayeonana vizuri na mnara, kwenye chaneli ya megahezi 20 anaweza kuzungumza na redio kwa kasi ya megabiti 130. Aliye nyuma ya mwembe anaweza kushuka hadi megabiti 13. Kupakua faili lilelile, wa pili anatumia muda wa hewani mara kumi zaidi ya wa kwanza. Wateja wawili wa namna hiyo wanatosha kuwafanya wengine thelathini walalamike, hata kama wote wamelipia kifurushi kimoja.

Ndiyo sababu mtoa huduma mwenye busara hukataa baadhi ya wateja. Anaweka kiwango cha chini cha mawimbi, na asiyekifikia anaambiwa asubiri mnara mwingine au aweke mlingoti mrefu zaidi. Kumkataa jirani anayetoa fedha taslimu ni kugumu, hasa kama ni mtu mzima unayemwamkia kila asubuhi. Lakini anayemkubali anaiuza zamu ya wateja ambao wameshalipa.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme kwa saa ya msongamano, usiku baada ya chakula, kila mteja anatumia wastani wa megabiti 1.5. Redio ya chaneli ya megahezi 20 ambayo wateja wake wote wanaonana nayo vizuri inaweza kutoa megabiti 70 hivi za kweli. Hiyo ni nafasi ya wateja 45, panga 40. Mnara wenye antena tatu, kila moja ikifunika theluthi ya duara, unabeba wateja 120 na unahitaji njia kuu isiyopungua megabiti 180. Kama njia hiyo inaleta 100 tu, hakuna sababu ya kununua antena ya tatu leo.

Sasa weka fedha. Tuseme kila mteja analipa Sh50,000 kwa mwezi. Wateja 120 wanaleta Sh milioni 6. Mtandao uliojiotea, wenye redio za kurudia mawimbi na wateja dhaifu, unaweza kuanza kusuasua ukiwa na wateja 50, yaani Sh milioni 2.5. Kodi ya mahali pa mnara, bili ya mkongo, umeme, mshahara wa fundi na rejesho la mkopo havipungui kwa sababu wateja ni wachache. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo tofauti kati ya biashara na deni.

Kila kijiji na ua wake

Swali la tano halionekani kwa macho, na pengine kwa sababu hiyo husahaulika zaidi. Ni mpangilio wa ndani.

Njia rahisi ya kuanza ni kuunganisha vifaa vyote kana kwamba viko katika chumba kimoja. Kwa wateja kumi inafanya kazi. Kwa mia ni balaa. Kompyuta na ruta zina tabia ya kuita kwa sauti ili zijuane, na katika mtandao wa namna hiyo kila mwito unasikika hadi kijiji cha mwisho, ukila muda wa hewani wa kila mnara. Mteja mmoja akichomeka ruta yake kinyume, inaanza kugawa anwani kwa majirani, na watu ambao hata hawamjui wanapoteza huduma. Waya mmoja ukifanya mzunguko kwenye swichi, minara yote inasimama.

Mpangilio unaodumu huweka ruta kwenye kila mnara, na kila mnara hupewa fungu lake la anwani za IP. Kelele za kijiji kimoja zinaishia hapohapo. Ruta za minara huambizana njia zilizo hai kwa itifaki kama OSPF, na hivyo ndivyo pete tuliyoitaja inavyojua kugeuza trafiki bila fundi kuamshwa usiku. Wateja wa mnara mmoja nao wazuiwe kuonana moja kwa moja, kila mmoja aingie kwa jina na nywila yake, na kasi yake ikatwe pale anapoingilia, si mjini. Vifaa vya usimamizi viwe kwenye njia yao tofauti ambayo mteja haifikii.

Kuhusu anwani, akiba ya Afrika ya mfumo wa zamani wa IPv4 inayosimamiwa na AFRINIC ilifikia hatua ya mwisho ya kugawiwa kwa kubana Januari 2020. Mtoa huduma mdogo apange tangu mwanzo kwamba wateja wengi watatumia anwani ya umma kwa pamoja, na aingize IPv6 mapema badala ya kuja kubomoa baadaye.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Andika kila mnara, urefu wake, pembe ya kila antena, masafa, anwani na tarehe ya kufungwa. Fundi akiondoka na siri hizo kichwani, umebaki na chuma.

Umeme na radi

Minara mingi haifi kwa redio. Inafa kwa umeme. Hesabu ni nyepesi. Mnara mdogo wenye ruta, redio mbili za njia kuu na tatu za wateja unaweza kula wati 60. Kwa saa 24 ni wati-saa 1,440. Ukitaka uvumilie siku mbili za mawingu au za kukatika kwa umeme, unahitaji 2,880. Betri za asidi zisishushwe chini ya nusu, hivyo ununue za wati-saa 5,760, sawa na betri tatu za volti 12 zenye ampea-saa 200. Za lithiamu zinazoruhusu asilimia 80 zinatosha kwa wati-saa 3,600. Paneli za sola zisipungue wati 450 kwa mahali penye jua la saa nne na nusu kwa siku.

Msimu wa mvua kusini huanza kati ya Novemba na Desemba, wakati minada ya korosho bado haijaisha. Mvua huja na radi. Waya wa ardhini wa shaba nene, vizuia radi kwenye kila waya wa mtandao unaoshuka, na nyaya zenye ngozi ya kinga si mapambo. Na redio moja ya akiba ya kila aina ikae kabatini, imeshawekewa mipangilio, kwani basi la Dar es Salaam halitaleta nyingine kabla ya mnada wa kesho.

Leseni na ushindani

Anayedhani kuwa masafa ya bure maana yake ni biashara bila leseni atajikuta pabaya. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) inasimamia mfumo wa leseni ulioanza mwaka 2005, wenye ngazi za kimataifa, kitaifa, mkoa na wilaya. Anayehudumia wilaya moja hana sababu ya kulipia ngazi ya taifa. Vifaa viwe vya aina iliyoidhinishwa, mnara uwe na kibali cha halmashauri, na pale kampuni za minara zilipo, kupanga nafasi kwao kunaweza kuwa nafuu kuliko kusimamisha chuma chako.

Ushindani nao upo. Starlink ilianza kutoa huduma Rwanda, Msumbiji na Kenya mwaka 2023, na Msumbiji ni ng'ambo ya Ruvuma tu. Satelaiti haihitaji kuonana na tenki la maji. Mtoa huduma wa wilaya hatashinda kwa kasi ya namba za matangazo. Atashinda kwa bei inayogawanyika kwa mwezi, bila mteja kununua dishi, na kwa fundi anayefika kwa pikipiki ndani ya saa moja. Yote mawili yanategemea mpangilio: bei hutokana na wateja wengi wanaohudumiwa vizuri na mnara mmoja, na fundi huwahi anapojua tatizo liko mnara gani kabla hajawasha pikipiki.

Mpangilio ni mali pia siku ya kuuza. Mwaka 2024 kampuni ya Mawingu ya Kenya, iliyoanzia Nanyuki, iliinunua Habari Node ya Arusha. Anayekuja kununua mtandao huangalia wateja wanaolipa na minara inayofanya kazi kwa mpango unaosomeka. Hakuna anayelipia redio zilizofungwa kwenye paa za watu bila kumbukumbu.

Maswali ya mwenyekiti

Ushauri kwa mjasiriamali ni kutumia mwezi mzima kwenye ramani, juu ya matenki na kwenye daftari la hesabu kabla ya kugusa fedha za mkopo. Aanze na mnara mmoja uliokamilika, wenye umeme na ruta yake, ajaze wateja wake, ndipo aende wa pili.

Halmashauri nazo zinaweza kusaidia bila kutoa fedha, kwa kuruhusu matenki ya maji na majengo marefu ya umma yatumike kwa kodi ndogo na mkataba ulio wazi.

Na kwa mwenyekiti wa AMCOS anayetembelewa na kijana mwenye antena mkononi, kabla hajaweka saini amuulize mambo manne. Mnara wako unauona mnara upi? Kiungo hicho kikikatika, trafiki yangu inapita wapi? Umeme ukikatika siku mbili, mnara wangu utakuwa hai? Na antena nitakayounganishwa nayo ina wateja wangapi tayari? Kijana mwenye mpango atatoa karatasi mfukoni na kumwonyesha. Asiye na karatasi hiyo, mwenyekiti ambembeleze arudi nayo kabla ya Oktoba, kwa sababu mnada ukishafunguliwa hausubiri mtu anayepanda ngazi.